Deni la Shule za Detroit, na Waliolibeba

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tumeyachapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku ile.)



Nimeombwa niseme juu ya shule za mjini zilizofilisika na jinsi zinavyoweza kuinuliwa tena. Ningeweza kusema kwa jumla tu, nanyi mngesinzia. Kwa hivyo nimechagua mji mmoja, Detroit, katika jimbo la Michigan, nchi ya Marekani, mji wa viwanda vya motokaa. Mimi sikufika huko. Lakini habari zake zi wazi, na zamhusu kila mtu anayeishi kwa mshahara.

Kwanza mjue fedha za shule huko zapatikanaje. Tangu 1994 jimbo la Michigan hutoa fedha kwa kuhesabu vichwa vya watoto. Mtoto akihama, fedha zake zahama naye. Lakini gharama hazihami. Darasa la watoto 35 likipungukiwa na watoto watano, mwalimu ni yule yule, paa ni lile lile, na moto wa kupasha nyumba wakati wa baridi ni ule ule. Sasa fikirini mji ambao viwanda vimefungwa na watu wanaondoka, na tena jimbo limeruhusu shule nyingine zifunguliwe mtaa kwa mtaa, zinazolipwa fedha za Serikali lakini haziko chini ya halmashauri ya shule za mji. Mwaka wa 2000 shule za Detroit zilikuwa na watoto zaidi ya 160,000. Kufika 2016 walikuwa wamebaki kama 45,000.

Basi, nani aliyekuwa akishika usukani wakati huo? Hapa ndipo watu wengi hukosea wanaposimulia habari hii. Husema wenyeji walishindwa kujitawala. Lakini mwaka wa 1999 jimbo liliiondoa halmashauri iliyochaguliwa na wananchi, likaweka nyingine ya kuteuliwa, na siku hiyo shule zilikuwa na akiba ya zaidi ya dola milioni 90. Halmashauri ya kuchaguliwa iliporudi mwaka wa 2006 ilikabidhiwa upungufu wa karibu dola milioni 200. Kisha mwaka wa 2009 jimbo likaleta msimamizi wa dharura, Bwana Robert Bobb, na baada yake wengine. Katika miaka saba walipita watu watano, kila mmoja na kalamu yake nyekundu. Walifunga shule nyingi sana. Na shule ikifungwa, wazazi hawapeleki watoto kwenye shule ya pili iliyo mbali. Hutafuta nyingine yoyote, na vichwa hupungua tena. Kwa hiyo dawa yenyewe ilizidisha ugonjwa.

Sasa nisikilizeni vizuri juu ya mkopo. Mwishoni mwa 2009 chama cha waalimu, Detroit Federation of Teachers, kilikubali katika mapatano yake kwamba kila mwalimu akatwe dola 250 katika kila malipo mpaka zifike dola 10,000, naye atarudishiwa siku atakapoacha kazi. Yaani mfanyi kazi alimkopesha mwajiri wake. Wanachama wengi waliwakasirikia viongozi wao, na mimi nisingependa kuwa katibu aliyesimama mbele yao jioni ile. Lakini waliambiwa kwamba bila hivyo nyumba itaanguka. Waalimu walitoa, na nyumba ikaendelea kuinama.

Wala sitaficha yale yaliyofanywa na watu wa ndani. Mwaka wa 2016 Serikali ya Marekani iliwashtaki walimu wakuu 12 na ofisa mmoja, pamoja na mwuzaji wa vifaa vya shule aliyeleta hati za malipo za dola milioni 2.7 kwa mali ambayo nyingi haikufika. Walimu wakuu walitia sahihi wakapewa hongo. Ni aibu. Hata hivyo mjue kipimo: milioni 2.7 ni wizi, lakini si hiyo iliyozaa deni la mamia ya milioni.

Mwaka huo huo ndio waalimu walipochoka. Madarasani mlikuwa na ukungu ukutani na panya, vyumba vingine vya baridi na vingine vya joto kupita kiasi. Sheria ya Michigan ya 1947 inakataza wafanyi kazi wa umma kugoma. Basi waliugua. Waliugua wote pamoja, siku moja. Tarehe 20 Januari 2016 shule 88 zilifungwa. Meya wa mji akapeleka wakaguzi, nao wakayaona yale ambayo waalimu walikuwa wakiyasema kwa miaka. Mwezi wa Machi jimbo likatoa dola milioni 48.7 za kusukuma mpaka tarehe 30 Juni. Kisha, mwisho wa Aprili, ikajulikana kwamba baada ya tarehe hiyo hakutakuwa na fedha za mishahara. Waalimu wengi walikuwa wamechagua mshahara wao ugawanywe kwa mwaka mzima ili wapate kula wakati wa likizo. Yaani fedha za Julai na Agosti walikuwa wamekwisha kuzifanyia kazi. Tarehe 2 Mei zilifungwa shule 94 kati ya 97, na kesho yake vivyo hivyo. Msimamizi wa wakati huo, Bwana Steven Rhodes, aliyekuwa zamani jaji wa kesi za kufilisika, akawahakikishia kwamba watalipwa, nao wakarudi kazini.

Mwezi wa Juni bunge la jimbo likapitisha dola milioni 617. Jinsi zilivyotumiwa ndiyo sehemu ninayoipenda. Wilaya ya shule iligawanywa mara mbili. Ile ya zamani ikaachwa bila mtoto hata mmoja wala mwalimu, kazi yake ni kupokea kodi fulani ya majengo na kulipa deni tu. Wilaya mpya ikapewa watoto, majengo na wafanyi kazi, na jimbo likaijazia fedha ambazo kodi ile ingeleta. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, senti ya mtoto haikupitia kwanza kwa mwenye kudai. Lakini sheria hiyo ilikuwa na mwiba: katika Detroit peke yake iliruhusu kuajiri watu wasio na cheti cha ualimu.

Januari 2017 halmashauri ya watu saba waliochaguliwa ikakaa mezani, na Mei ikamwajiri Dakta Nikolai Vitti kuwa mkuu. Alikuta nafasi za waalimu zaidi ya 200 ziko wazi. Mishahara ikaongezwa. Vitabu vilichunguzwa, vikaonekana haviwafundishi watoto yale wanayotahiniwa, navyo vikabadilishwa mwaka wa 2018. Mwaka huo mifereji ya maji ya kunywa ilifungwa shuleni pote kwa sababu ya risasi na shaba ndani ya maji, yakawekwa matangi ya maji safi.

Watoto nao walikwenda mahakamani. Mwaka wa 2016 wanafunzi saba walilishtaki jimbo kwa kuwanyima nafasi ya kujua kusoma. Walipatana mwaka wa 2020, gavana akaahidi kuliomba bunge dola milioni 94.4 za kufundisha kusoma, na bunge likazitoa mwaka wa 2023.

Je, wameponea? Hesabu zimetulia. Masomo yamepanda kidogo, lakini bado yako chini ya wastani wa jimbo. Na adui mkubwa amebaki: katika mwaka wa masomo wa 2023-24 zaidi ya nusu ya watoto walikosa angalau siku moja katika kila kumi. Mwanzoni mwa 2025 wilaya ilianza kuwapa wanafunzi wa sekondari dola 200 kwa kila majuma mawili bila kukosa siku. Wako waliocheka, wakasema mtoto analipwa kwa wajibu wake. Mimi sikucheka. Mtoto wa miaka 16 ambaye nyumbani kodi haijalipwa huacha darasa aende akatafute kibarua, na mwenye kibarua humlipa ijumaa.

Bwana Mwenyekiti, nimepita dakika zangu. Niko tayari kwa maswali.