Yule Mtoto Yuko Wapi?

Neno la kusoma: 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9:1-13, Matayo 4:24

 

Fungua Biblia yako katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 4. Kuna mstari mmoja pale unaofanana sana na habari zetu za Ituri. Mtoto alikuwa na miaka 5. Habari ikafika kwamba babu yake, mfalme Sauli, na baba yake Yonatani wamekufa vitani. Yaya wake akamkamata, akakimbia. Katika haraka ile mtoto akaanguka, na tangu siku hiyo miguu yake yote miwili ikalemaa. Jina lake ni Mefiboseti.

Mama unayenisikia kutoka kambi ya Kigonze, wewe unaijua mbio ile. Baba uliyetoka Djugu usiku, mtoto mmoja begani, mwingine mkononi, wewe unaijua. Angalia vizuri: yaya yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaokoa maisha. Wazazi wengi wenye mtoto mlemavu hujiuliza kila usiku, nilikosa wapi? Biblia haimlaumu yaya. Nawe usijilaumu.

Mefiboseti aliumia miguu, na kila mtu aliona. Watoto wengine wameumia mahali ambapo macho hayafiki. Yuko mtoto aliyeona nyumba inaungua, na sasa mlango ukigongwa anajificha chini ya kitanda. Ana miaka 9 na ameanza tena kukojoa usiku. Yuko aliyechelewa kutoka tumboni siku ya kuzaliwa, akakosa hewa, na akili yake inakua polepole. Yuko aliyepona malaria ya bongo au homa ya uti wa mgongo, lakini maneno hayarudi. Yuko mwenye usonji, asiyekutazama usoni, anayepanga vizibo vya chupa mchana kutwa na kulia ukivigusa. Yuko aliyezaliwa na dalili ya Down. Mwaka 1959 daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha kwamba watoto hawa wana kromozomu moja zaidi, ile ya 21. Hakuna mchawi wala laana ya ukoo katika jambo hilo.

Na yuko mwenye kifafa. Hapa nataka tusimame kidogo. Wengi wetu tumezoea kusema kifafa ni pepo. Soma Matayo 4:24. Mwandishi anataja watu walioletwa kwa Yesu: anataja wenye pepo, kisha anataja wenye kifafa peke yao, kisha wenye kupooza. Hakuwachanganya. Kwa nini sisi tunawachanganya? Katika mkoa wetu wenyewe, eneo la Logo katika Mahagi, waganga na watafiti wamekuta kifafa kingi katika vijiji vilivyo karibu na mito yenye maji ya mbio. Pale huzaliana inzi wadogo weusi wanaobeba minyoo ya oncho, ule ugonjwa unaoleta muwasho na upofu. Utafiti umeonyesha kwamba minyoo hiyo inaambatana na kifafa cha watoto. Ndiyo sababu dawa ya ivermectin inayogawanywa kijijini usiikatae, wewe na watoto wako. Na mwenye kifafa apate dawa yake kila siku bila kukatisha. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni. Povu lake haliambukizi. Tuombe kwa ajili yake, ndiyo, na dawa aendelee kuimeza.

Sasa niwaambie jambo langu mwenyewe, kwa haya. Kabla ya kuingia kazi ya Mungu nilikuwa mwalimu. Katika kilasi ya pili nilikuwa na kijana mmoja aliyekuwa anarudia mara ya tatu. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 60. Nikiandika ubaoni, yeye alichora mistari tu. Nilimpiga, nikadhani ni uvivu. Mwishoni nilimwita mama yake nikamwambia: “Mama, huyu ubaki naye nyumbani, unapoteza feza yako bure.” Mama hakubishana. Alimshika mtoto mkono, wakaondoka. Miaka ikapita. Siku moja sokoni mtu alinibebea mfuko wa makala hadi kwenye pikipiki. Alikuwa yeye. Aliniita “Mwalimu!” kwa furaha. Nilimpa noti, akaigeuza mkononi, akamuuliza mwenzake ni ya ngapi. Wandugu, nilirudi nyumbani chakula kikanishinda. Kuhesabu feza angeweza kujifunza, kama kungekuwa na mtu wa kumfundisha kwa njia yake. Mtu huyo nilipaswa kuwa mimi.

Turudi kwa Neno. Katika sura ya 9, Daudi sasa ni mfalme. Anauliza kama kuna mtu wa nyumba ya Sauli aliyebaki, apate kumtendea mema kwa ajili ya Yonatani. Siba, mtumishi wa zamani, anajibu kwamba yupo mwana wa Yonatani, kilema. Siba hakutaja jina. Alitaja ulemavu. Sisi pia ni vivyo hivyo katika avenue zetu: “yule bubu”, “yule kichaa”, “mtoto wa kifafa”. Daudi hakuuliza amelemaa kiasi gani, wala kama ataweza kufanya kazi. Aliuliza jambo moja tu: yuko wapi? Akatuma watu wakamlete. Alipofika, Daudi alimwita kwa jina lake, Mefiboseti. Naye akajiita mbwa mfu. Ndivyo mtoto anavyokuwa akisikia matusi miaka yote: mwisho anayaamini.

Halafu angalia Daudi alifanya nini. Hakusema tu “Mungu akubariki” na kumrudisha Lodebari. Alimpa mashamba ya babu yake. Alimpanga Siba, pamoja na wana wake 15 na watumishi 20, wayalime. Alimpa mahali mezani pake, siku zote. Upendo wa Daudi ulikuwa na mashamba, na watu wa kazi, na kiti kinachojulikana ni cha nani.

Elimu maalum ni kitu cha namna hiyo. Inahitaji kilasi yenye watoto wachache, na mwalimu aliyejifunza kazi hiyo. Kunawa mikono kunagawanywa hatua kwa hatua: fungua maji, lowesha, paka sabuni, sugua, suuza. Hatua moja inaweza kuchukua wiki mbili. Mtoto asiyesema anafundishwa kuonyesha picha ya maji akiwa na kiu. Anayeogopa kelele anatayarishiwa kona tulivu, na kila siku kazi zinafuatana kwa utaratibu uleule, ili moyo wake utulie. Wengine watajua kusoma. Wengine watajua kushona, kufuga kuku, kupika, kuuza na kurudisha chenji sawasawa.

Hayo si ndoto. Kule Gatagara, Rwanda, padri Joseph Fraipont Ndagijimana alianza kituo cha watoto walemavu mwaka 1960, na kingaliko. Bukavu kuna Heri Kwetu, kazi ya Kanisa Katoliki. Lushoto, Tanzania, Walutheri walianzisha chuo kikuu mwaka 2007, wakaweka mbele mafunzo ya walimu wa elimu maalum. Na kwetu sheria zipo. Katiba, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za Serikali, na tangu Septemba 2019 bure hiyo imeanza kutekelezwa. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Sheria ya mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 160, inaadhibu mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Wachungaji wenzangu, wenye vyumba vya maombi, tusikie hapo: hata sisi inatuhusu.

Tena tusielekeze kidole Kinshasa tu. Kufuatana na mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za hapa zinasimamiwa na makanisa yetu. Tukijenga hekalu la matofali ya kuchoma, tunashindwa kutenga chumba kimoja? Tunaweza kumtuma mwalimu mmoja akajifunze. Siba alikuwa na watu 35. Parokia yako ina wangapi?

Wiki hii nakuomba mambo matatu. La kwanza, uliza katika avenue yako: yuko mtoto gani ambaye hatumwoni masomo wala kanisani? Uliza jina lake. La pili, ikiwa umemfungia mtoto ndani kwa haya, mfungulie, umpeleke kituo cha afya apimwe. La tatu, mwalimu wa shule ya Jumapili, weka kiti chake mbele. Akipiga kelele wakati wa wimbo, endeleeni kuimba.

Sura ya 9 inamalizika kwa kusema kwamba Mefiboseti alikula mezani pa mfalme siku zote, naye alikuwa kilema wa miguu yote miwili. Miguu haikupona. Meza haikungoja miguu ipone.

Tuombe. Baba, utusamehe watoto tuliowarudisha nyumbani. Uwape nguvu mama zao waliochoka. Utupe macho ya kuwatafuta, na mikono ya kuwalimia shamba lao. Kwa jina la Yesu. Amina.