Stempu ya Papa Paulo VI na Barua za Nyanungu
Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu huduma za posta



Katika masanduku ya bati yanayohifadhiwa chini ya vitanda, huenda bado ipo bahasha yenye stempu inayoonyesha sura ya Papa Paulo VI pamoja na milima ya Ruwenzori. Stempu hiyo ilitolewa tarehe 31 Julai 1969, siku Papa huyo alipowasili Uganda. Hakuna papa mwingine wa zama hizi aliyekuwa amekanyaga ardhi ya Afrika kabla yake. Ilichapwa kwa thamani nne: senti 30, senti 70, shilingi 1.50 na shilingi 2.50.

Ziara hiyo iliwaenzi Mashahidi wa Uganda. Mwaka 1964 Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu Wakatoliki 22 waliouawa kati ya 1885 na 1887, enzi za Kabaka Mwanga. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Miongoni mwao alikuwamo kijana Kizito, ambaye jina lake hupewa watoto hadi leo. Walikuwapo pia Waanglikana waliouawa kwa imani yao katika miaka hiyo hiyo, jambo ambalo husahaulika mno.

Paulo VI mwenyewe hakuwa mtakatifu mwaka 1969. Kanisa lilimtangaza tarehe 14 Oktoba 2018, miaka 49 baadaye. Posta, basi, ilichapa sura ya mtakatifu pasipo kujua. Wala kujua hilo haikuwa kazi yake. Ilikuwa imeadhimisha ujio wa mgeni mkubwa, na stempu iliuzwa dirishani kwa kila mwenye senti zake, awe Mkatoliki, Msabato, Mwislamu au mfuasi wa mila za wazee.

Kwa watu wa mpakani, maandishi ya stempu hiyo yana uzito kuliko hata sura. Ina majina ya nchi tatu: Uganda, Kenya na Tanzania. Posta ilikuwa huduma ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Mkataba wa 1967 uliweka makao yake makuu Kampala. Mkurya wa Nyanungu aliyemwandikia dada yake aliyeolewa Kehancha aliweza kutumia stempu hiyo, na dada akajibu kwa stempu ya namna ile ile. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na posta yake. Ukoo haukuhama, lakini barua ya kwenda kwa shemeji, mwendo wa siku moja kwa miguu, ikawa barua ya nchi za nje.

Ndiyo maana bahasha hizo zisitupwe, wala stempu zisibanduliwe. Stempu ni uthibitisho kwamba malipo yamefanyika, na muhuri uliogongwa juu yake, hata ukiziba uso wa Papa, hutaja ofisi ya posta na tarehe. Anayeiloweka majini ili aipate stempu peke yake huitenganisha na anwani, na pengine hupoteza ushahidi pekee wa mahali babu alipoishi mwaka fulani. Bahasha ihifadhiwe nzima pamoja na barua yake, mbali na jua, unyevu na mchwa, na isigandishwe kwa utepe wa plastiki.

Stempu ya 1969 haitumiki tena kulipia barua. Anayeandika leo kwenda Kenya anunue stempu za Tanzania katika ofisi ya posta, barua ipimwe uzito hapo hapo, na neno KENYA liandikwe kwa herufi kubwa chini ya anwani. Nyuma ya bahasha aandike jina lake, sanduku la posta na postikodi ya kata, ili barua isiyompata mwenyewe ijue njia ya kurudi.