Sarafu Ikishatumwa Hairudi: Tahadhari kwa Vijana Wetu Wanaobeti Mtandaoni

(Maelezo yaliyotolewa na timu ya shirika letu katika semina ya kamati za parokia)



Tumezoea kukutana kuzungumzia visima, mbuzi wa maziwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Leo tumeomba nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tungependa lisiwepo, nalo ni vijana wetu kubeti mpira mtandaoni kwa kutumia sarafu za kidijitali kama vile Bitcoin na USDT.

Tunajua wapo watakaouliza: je, shirika letu sasa linafundisha watu kubeti? Hapana. Ushauri wetu wa kwanza ni ule ule, kwamba kubeti si njia ya kujenga nyumba wala kulipa ada. Lakini tumejifunza kwa uchungu kwamba kukemea peke yake hakumlindi mtu.

Katika kikundi kimojawapo tunachokihudumia, kijana mwendesha bodaboda alikopa shilingi 300,000 kwa ajili ya kununua tairi na kufanya matengenezo. Badala yake alinunua USDT na kuzituma kwa mtu aliyejiita wakala wa kampuni ya kubeti. Baada ya wiki mbili simu yake ilionyesha kwamba ana salio la shilingi milioni 1.8. Alipotaka kutoa fedha, aliambiwa alipe kwanza "kodi" ya shilingi 90,000. Akaazima kwa wenzake kijiweni, akalipa. Kisha akaambiwa alipe 120,000 za "kuthibitisha akaunti". Akalipa tena. Baada ya hapo wakala hakupatikana. Mama yake alipata habari siku wanakikundi walipofika nyumbani kudai mkopo.

Tulipomuuliza kwa nini alinyamaza miezi minne, alijibu kwamba kila semina yetu aliyohudhuria ilisema anayebeti ni mvivu, hivyo hakuona wa kumwambia. Jibu hilo lilitugusa. Lawama hiyo ni yetu pia, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Ndugu wajumbe, tueleze kwanza sarafu hizi ni nini. Bitcoin ilianza mwaka 2009. Haina noti wala tawi la benki. Ni hesabu zinazotunzwa katika daftari moja la pamoja, lililosambazwa katika kompyuta nyingi duniani. Mwenye sarafu hutumia programu iitwayo pochi, na pochi nyingi hulindwa kwa maneno ya siri 12 au 24. Ukikosea namba unapotuma fedha kwa simu, unaweza kupiga huduma kwa wateja na mara nyingine fedha ikazuiwa. Katika daftari hili hakuna wa kupigiwa. Muamala ukishathibitishwa hakuna anayeweza kuurudisha. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo usalama wote upo kabla ya kubonyeza "tuma".

Pili, tuangalie sheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi inayotoa leseni kwa kampuni hizi, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini, na ikaonya wananchi dhidi ya kuzitumia na kuzifanyia biashara. Mwaka 2024 sheria ya fedha iliweka kodi ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Baadhi ya vijana wanasema, "Kama Serikali inatoza kodi, basi tumehakikishiwa usalama." Sivyo. Kutozwa kodi hakumaanishi kwamba kuna atakayekurudishia fedha ukiibiwa. Isitoshe, kampuni nyingi za kubeti zinazopokea sarafu zina leseni za mbali, kama za kisiwa cha Curaçao huko Karibiani. Kijana wa Mbeya akidhulumiwa, atakwenda kulalamika kwa nani?

Tatu, tupige hesabu. Timu mbili zikiwa na nguvu sawa katika mchezo usio na sare, kampuni inaweza kutoa odi ya 1.90 kila upande. Ukiweka shilingi 1,000 kila upande, umetoa 2,000, na yeyote akishinda unapata 1,900. Shilingi 100 imebaki kwa kampuni. Sasa tuchukue mkeka wa mechi kumi ambazo kila moja ina nafasi nusu kwa nusu. Uwezekano wa kuzipata zote ni mara 1 katika 1,024. Ndiyo maana mikeka mingi huchanika.

Anayeweka akiba ya kubetia katika Bitcoin anabeti mara mbili, mpira na bei. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Mtu aliweza kushinda mechi na bado akapoteza fedha. USDT imekusudiwa kulingana na dola moja, hivyo haiyumbi kiasi hicho, lakini haikukingi na tapeli wala na kosa la kutuma.

Ndugu zetu, kwa yule ambaye hata baada ya maelezo haya ataendelea, tunaomba mmfikishie tahadhari zifuatazo:

1. Maneno ya siri ya pochi yaandikwe kwenye karatasi na kufichwa. Yasipigwe picha wala kutumwa kwa mtu. Anayeyaomba, hata akijiita mhudumu wa kampuni, ni mwizi.

2. Hakikisha anwani na mtandao. USDT hupita katika mitandao mbalimbali. Anwani za Tron huanza na herufi T, lakini za Ethereum na za BNB Smart Chain zote huanza na 0x, kwa hiyo kuangalia anwani peke yake hakutoshi. Soma jina la mtandao pande zote mbili. Soma pia anwani yote, kwani zipo programu chafu zinazobadilisha anwani uliyonakili.

3. Anza kwa kutuma kiasi kidogo, kisha jaribu kukitoa kabla ya kuongeza chochote. Ukiambiwa ulipe ili ulipwe, ondoka hapo hapo. Usikimbilie bonasi pia, maana nyingi zina sharti la kubeti mara nyingi kabla ya kuruhusiwa kutoa.

4. Unapouza sarafu kwa mtu binafsi, usiiachilie kwa kuamini meseji ya malipo. Angalia salio lako mwenyewe, kwani meseji hughushiwa.

5. Usiache fedha kwenye akaunti ya kampuni. FTX, iliyokuwa miongoni mwa masoko makubwa ya sarafu duniani, ilifilisika Novemba 2022, na mwanzilishi wake akahukumiwa kifungo cha miaka 25 Machi 2024. Septemba 2023 wezi waliiba takriban dola milioni 41 kutoka kampuni ya kubeti ya Stake, na polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walisema wezi hao ni wa Korea Kaskazini. Ikiwa wakubwa huibiwa, simu ya kijana wetu je?

6. Weka kikomo cha fedha kabla ya mechi, na usikope ili kufidia ulichopoteza. Fedha ya ada, ya dawa, ya pembejeo au ya kikundi isiguswe kabisa.

Na aliyekwisha kuibiwa? Aache kutuma mara moja. Atunze namba, anwani na mazungumzo yote, kisha aende polisi, maana tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Meseji za kitapeli ziripotiwe kwa namba 15040. Ajihadhari pia na mtu atakayemfuata akisema atamrudishia sarafu zake kwa malipo kidogo. Huyo mara nyingi ni tapeli wa pili.

Kwa kamati zenu tunaomba mambo mawili. Kwanza, fedha za parokia na za vikundi zisiwekwe kwenye sarafu hizi kwa ahadi yoyote ya faida, na kila malipo yabaki na sahihi za watu wawili. Pili, kila kamati iteue mtu mzima mmoja mwanaume na mmoja mwanamke, wasiri na wasio wepesi wa kulaani, ambao kijana anaweza kuwafuata siku ile ile anapohisi ameingia mtegoni. Yule kijana wetu alipoteza 300,000 mwanzoni. Zile 210,000 zilizofuata angeweza kubaki nazo, kama angekuwa na mtu wa kumuuliza, "Hivi hii kodi ni ya kweli?"

Wafadhili wetu, mmetusaidia kuanzisha vikundi hivi. Kuvilinda ni sehemu ya kazi ile ile. Leo kijana huyo analipa mkopo wake shilingi 20,000 kila mwezi, na kikundi kimekubali kumpa muda. Ameomba pia aje kuzungumza na wenzake katika semina ijayo. Tumemkubalia, na tunaomba mje kumsikiliza.