Bolti za Sandvika

Jioni ya Juni 10, 2019, siku ya sikukuu nchini Norway, mlipuko ulisikika mtaa wa Kjørbo katika mji wa Sandvika, jirani na Oslo. Kituo cha kujazia magari haidrojeni kilikuwa kinaungua. Kishindo kilifyatua mifuko ya hewa ya gari lililokuwa karibu, waliokuwamo wakaumia. Barabara kuu zikafungwa. Hakuna aliyekufa.

Haidrojeni ina visa gani? Msikilizaji anayepikia gesi ya mtungi anajua kwamba gesi hiyo ikivuja hunuka, maana imetiwa harufu makusudi, na kwamba hutambaa sakafuni. Haidrojeni ni kinyume kabisa. Ni nyepesi kuliko hewa mara 14 hivi, kwa hiyo hupaa. Haina harufu wala haitiwi, kwani harufu hiyo ingeharibu mitambo inayozalisha umeme ndani ya gari. Muali wake mchana hauonekani kirahisi. Ikichanganyika na hewa huweza kuwaka kuanzia asilimia 4 hadi 75, na cheche ya nguo tu yatosha kuiwasha.

Kwa hiyo mchoro wa kituo huanza na swali moja: ikivuja, itapita wapi? Paa la pampu lisiwe na vikona vya kunasa gesi. Bomba la kuitolea nje lielekee juu, mbali na madirisha. Matangi na kompresa hukaa kando, penye hewa, mara nyingi nyuma ya ukuta wa kuzuia moto. Katika NFPA 2, kanuni ya Marekani iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2011, umbali kati ya mitambo na mpaka wa kiwanja hutegemea mgandamizo wa gesi na upana wa bomba. Kimataifa kipo kiwango cha ISO 19880-1 cha mwaka 2020.

Pampuni ndiko kwenye kazi ya kuvutia. Gesi huingia garini kwa mgandamizo unaofika mara 700 ya ule wa hewa, na tangi hupata joto. Hivyo gesi hupozwa kwanza hadi kukaribia nyuzi 40 chini ya sifuri. Kabla ya kujaza, mashine husukuma gesi kidogo ili ipime kama kuna uvujaji. Dereva msahaulifu akiondoka na mpira wa pampu, kiungo chake hukatika chenyewe na kufunga gesi pande zote mbili.

Yote hayo ni ya kiwanjani. Uchunguzi wa Sandvika ulirudi kiwandani: bolti za ndani za kizibo cha tangi la mgandamizo mkubwa hazikukazwa vya kutosha wakati wa kuunganishwa. Baada ya hapo kampuni ya Nel, iliyotengeneza mitambo hiyo, iliweka utaratibu mpya: anayekaza bolti ashuhudiwe na mwenzake, na kazi iwekwe alama na kuandikwa. Mkaguzi anayetoa kibali cha kituo aidai karatasi hiyo kabla hajafungua futi yake ya kupimia.