Kwa Nini Tunafundisha Wenyeji Kutegua Mabomu

Ndugu wanakamati wa parokia, ndugu wafadhili,

Mara kwa mara mnatuuliza: kwa nini sehemu ya michango yenu iende kwenye mafunzo, mishahara na ramani, badala ya kwenda moja kwa moja kutegua mabomu? Swali hilo ni la haki. Tunaomba kulijibu kwa mfano wa Msumbiji.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikoma kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, Jumuiya ya Sant'Egidio ikiwa miongoni mwa wapatanishi. Bunduki zilinyamaza, lakini mabomu yaliyotegwa ardhini yalibaki mashambani, njiani, madarajani na kando ya nguzo za umeme wa Cahora Bassa. Bomu halisomi mkataba wa amani.

Mwaka 1993 mashirika ya nje yalikuja na utaalamu na fedha. Lakini waliopiga magoti wakipima udongo hatua kwa hatua, wengi wao walikuwa Wamsumbiji waliofundishwa kazi hiyo. Mwaka 1999 serikali iliunda taasisi ya taifa ya kupanga uteguaji na kutunza kumbukumbu za maeneo. Hata Tanzania ilichangia: panya buku waliofundishwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walipelekwa kunusa harufu ya baruti. Ni wepesi, hivyo hawalipui bomu wakilikanyaga.

Chini ya Mkataba wa Ottawa, Msumbiji ilitakiwa kumaliza mwaka 2009. Kazi isingeweza kumalizika kwa muda huo, ikabidi iombe nyongeza. Kama wafadhili wote wangechoka wakati ule, vijiji vya mwisho vingeachwa na mauti yao. Tarehe 17 Septemba 2015 nchi ilitangazwa kuwa imesafishwa.

Je, kazi ya wenyeji iliishia hapo? Hapana. Mkulima akifukua bomu la zamani, anayeitwa lazima awe karibu na ajue lugha yake. Tena, tangu mwaka 2017 mapigano yameikumba Cabo Delgado, na mabomu ya kienyeji yametumika huko. Mgeni huondoka mradi unapokwisha. Ujuzi wa mwenyeji hubaki.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili. Mnaposoma taarifa zetu, msihesabu mabomu tu. Tuulizeni pia wenyeji wangapi wamehitimu, na nani anatunza ramani. La pili, msichoke kabla ya shamba la mwisho.