Kifo kazini ni suala la polisi pia, si la fidia peke yake



Haya ni maneno yaliyosomwa kwenye mkutano wa tawi letu. Tunayatuma hapa kwa ajili ya waliokuwa mashambani na wengine ambao hawakuweza kufika.

Tarehe 23 Mei 2024, bomba la mvuke lilipasuka katika Kiwanda cha Sukari Mtibwa, Morogoro, na watu 11 wakafariki. Songea hatuna kiwanda cha ukubwa ule. Tunazo mashine za kukoboa na kusaga, tunazo mashine za kupasua mbao, na vijana wetu wengi wako kwenye makaa ya mawe kule Mbinga. Mkanda wa mashine usiofunikwa unaua hata kwenye banda la bati.

Mtu akifia kazini, jambo la kwanza kuulizwa ni fidia. Ni haki ya familia, wala tusiiache. Lakini tujue inatoka wapi. Inalipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri huuchangia asilimia 0.5 ya mishahara. Familia inalipwa na Mfuko, na swali la nani aliyejua kuwa mashine ni mbovu akaiacha izunguke linabaki hewani.

Swali hilo ni la jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 195, inasema anayesababisha kifo kwa uzembe mkubwa wa kutotimiza wajibu wa kulinda uhai ana kosa la kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Hakuna mahali pameandikwa "isipokuwa tajiri". Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, watu watatu waliotajwa kuwa wamiliki walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka 31 ya kuua bila kukusudia. Hatuwahukumu, hiyo ni kazi ya mahakama. Tunachosema ni kwamba mlango huo upo, na wenye viwanda nao wanaweza kupitishwa.

Wapo wenzetu walioogopa mkutanoni kwamba tukiwabana wenye mali watafunga na vibarua watakosa mkate. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini hatuzungumzii kila ajali. Tunamzungumzia aliyeonywa na fundi, au na mkaguzi wa OSHA, akaendelea kuwasha mashine.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Mtu anakufa leo, kesho mashine imefungwa kifuniko kipya na sakafu imedekiwa. Walioona wanaogopa kupoteza kibarua. Familia inapewa jeneza, usafiri na bahasha, inaombwa kuzika haraka. Kupokea rambirambi si kosa. Kusaini karatasi ya "tumemalizana" ndiyo hatari.

Kwa hiyo tunawaomba: ikitokea, piga picha kabla mashine haijaguswa. Taarifa ifike polisi siku hiyohiyo, mdai namba ya taarifa, na OSHA wajulishwe. Ombeni daktari aufanyie mwili uchunguzi kabla ya mazishi. Anayeogopa kusema peke yake amwone katibu wa tawi, tutakwenda naye kituoni.

Na kama kuna mashine Lizaboni, Mfaranyaki au Bombambili ambayo tayari imemkata mtu kidole, tuleteeni habari zake sasa.

Uongozi wa Tawi, Songea