Zaka, Kodi na Hesabu

Mkulima wa Handeni huleta zaka yake kwa debe la mahindi. Kibarua wa mkonge Korogwe huitoa katika ujira wake. Mwaka 2009 Serikali ilipopendekeza kufuta misamaha ya kodi kwa mashirika ya dini, viongozi wa dini walipinga, na pendekezo likaondolewa. Tulikuwa na haki: zahanati na shule zetu huwahudumia watu wote. Lakini kodi tusiyolipa sisi huwaelemea wengine, pengine yule yule mjane wa senti mbili. Kanuni ya 1287 ya Sheria ya Kanisa yatuagiza kuwapa waamini hesabu ya walichotoa. Je, kigangoni kwenu imesomwa lini? Iulizieni, kwa heshima. Nasi mapadre tunapaswa kujibu.